Binamu wa Bamia Aliyeota Topeni

Ukishuka treni kituo cha Deanwood, kwenye njia ya rangi ya chungwa ya metro ya Washington, geuza uso kuelekea mto Anacostia, utembee kidogo. Utafika mahali panapoitwa Kenilworth Aquatic Gardens. Ni bustani ya mabwawa. Julai ikifika, watu hufurika hapo na kamera zao kutazama mayungiyungi. Wasalimie, wapite. Nyuma ya mabwawa kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya maji, inaingia moja kwa moja kinamasini. Ifuate mpaka mwisho. Nitakuwa nakusubiri hapo, pama yangu kichwani.

Umefika? Haya. Tazama kule kwenye tope, katikati ya majani marefu. Unauona mmea uliosimama wima, umemzidi baba yako kimo? Unayaona maua meupe makubwa, na katikati ya kila ua jicho jekundu?

"Mjomba, nimeyaona! Yanaitwaje?"

Polepole, mwanangu. Umeuliza vizuri, lakini tusiseme jina bado. Nikikutajia sasa hivi utalitia mfukoni uondoke, na ua lenyewe utakuwa hujalitazama.

Umewahi kwenda harusini na bibi yako? Basi unajua afanyavyo akimwona mtoto asiyemfahamu. Haanzi na jina. Anamvuta mkono, anamketisha karibu, anaanza kumhoji. Kwenu wapi? Wewe mtoto wa nani? Kisha anamtazama masikio, anamtazama vidole, anamchekesha ili aone meno. Mwisho bibi anapiga kofi: "Ah! Huyu wa kina fulani, wale wa kule bondeni!" Jina la mtoto linakuja baadaye, na likija halimtoki bibi tena. Leo na sisi tutauliza kama bibi.

Ila kwanza sikiliza maneno ya mjomba. Usitoke kwenye mbao, tope hili limekwisha kumeza viatu vya watu. Usichume kitu, hifadhi hii ni ya taifa na sheria inakataza. Ukiona mmea wenye majani matatumatatu unatambaa au umepanda mti, usiuguse, utawashwa wiki nzima. Na mbu wa hapa hawana adabu, jipake dawa.

Haya. Tumuulize mgeni wetu: kwenu wapi?

Mmea unajibu: "Kwetu ni topeni. Lakini si tope la mvua, lile linalokauka jua likiwaka. Tope langu linalowa kila siku. Maji yanakuja, yananiosha miguu, yanaondoka. Kisha yanarudi tena."

"Mjomba, hapa ni mtoni. Maji yanakuja na kuondoka vipi? Hayo si mambo ya baharini?"

Ningekuwa na peremende ningekupa. Hilo ndilo swali ambalo watu wazima wengi wa mji huu hawajawahi kuliuliza. Mto Anacostia unajaa na kupwa, mara mbili kila siku, kama Forodhani, kama Mtongwe. Bahari iko mbali, ni kweli. Anacostia unaingia Potomac. Potomac unateremka zaidi ya kilomita 150 mpaka ghuba ya Chesapeake. Ghuba inafungukia bahari ya Atlantiki. Bahari ikijaa, inasukuma maji ya ghuba. Ghuba inasukuma maji ya mto. Mto unataka kuteremka kama kawaida yake, unakuta njia imezibwa. Ufanye nini? Unapanda juu. Hapa Kenilworth unapanda kiasi cha sentimita 90. Si mengi ukilinganisha na Mombasa, ambako bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3. Lakini sentimita 90 zinatosha kulowesha miguu ya mmea na kuikausha, mara mbili kila siku, mwaka mzima.

"Kwa hiyo maji haya ni ya chumvi?"

La. Hapa ndipo penye ajabu yake. Yanayopanda ni maji ya mto wenyewe, maji baridi, yaliyorudishwa nyuma. Chumvi ya bahari imeishia mbali huko chini. Lakini usiyaonje! Kwa miaka mingi, mvua kubwa ikinyesha, maji taka ya mji yalikuwa yakimwagika mtoni. Siku hizi kuna mahandaki makubwa chini ya ardhi ya kuyazuia, moja lilifunguliwa 2018 na jingine 2023. Mto umeanza kupata nafuu. Hata hivyo mdomo wako uache nyumbani.

Sasa inama utazame jinsi mimea ilivyojipanga. Chini kabisa, pale ambapo maji hayaondoki muda mrefu, kuna majani mapana na maua ya manjano ya mviringo. Hao wanavumilia kufunikwa. Juu kidogo kuna wenye maua ya zambarau yaliyosimama kama kidole. Rafiki yetu mweupe yuko juu zaidi yao. Anapenda kulowa, hapendi kuzama. Tope likiwa chini mno, hayupo. Likiwa juu mno na kavu, hayupo vilevile. Kwa hiyo ukikuta mmea wenye ua linalofanana na hili juu ya kilima kikavu nyuma ya duka, shuku. Jibu la "kwenu wapi" limekwisha kukataa.

Tope lenyewe lina habari yake. Zamani watu walivichukia vinamasi hivi kwa sababu ya mbu na malaria. Serikali ikachimba, ikafukia, na sehemu kubwa ya vinamasi vya Anacostia ikapotea. Kisha mawazo yakabadilika. Mwaka 1993 tope lililochimbwa kutoka mtoni lilimwagwa hapa Kenilworth na kusawazishwa mpaka likafika kimo kinachofaa, likapandwa mimea ya asili, eneo la hekta kama 13. Mimea mingine haikungoja kupandwa. Mbegu zililetwa na maji, zikaota zenyewe.

Na yale mabwawa uliyoyapita? Hayo ni kazi ya mikono. Yalianzishwa miaka ya 1880 na Walter Shaw, askari aliyepoteza mkono mmoja katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe. Aliagiza mayungiyungi kutoka jimbo la kwao, Maine, na binti yake Helen akaiendeleza bustani mpaka serikali ilipoinunua mwaka 1938. Mayungiyungi yaliitwa yakaja. Rafiki yetu hakuitwa na mtu. Hapa ni kwao.

"Basi Mjomba, niseme jina?"

Bado! Tusiseme jina bado. Bibi ameuliza kwenu wapi. Sasa anauliza: wewe mtoto wa nani?

Hapa inabidi ulitazame ua kwa karibu. Kuna moja limeinama kwenye mbao, hilo hapo. Hesabu petali. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ni tano tu, pana, zimepandiana kidogo ukingoni. Yungiyungi la bwawani lina petali nyingi mpaka unachoka kuhesabu. Kwa hiyo si yungiyungi. Sasa weka kiganja chako mbele ya ua. Hakilifuniki! Maua haya yanafika upana wa sentimita 15, mengine yanazidi.

Tazama katikati. Kuna mnara mmoja umechomoza kutoka kwenye lile jicho jekundu. Mnara una vijiti vidogo pembeni, pande zote, na kila kijiti kimebeba unga. Unga huo ni chavua. Kwenye ncha, mnara unagawanyika matawi matano, na kila tawi lina kitufe cha mviringo. Maua mengi ya dunia hii kila kijiti cha chavua kimesimama peke yake. Hapa vyote vimeungana kuwa mnara mmoja, na ndani ya mnara ndimo inamopita njia ya kwenda kwenye mbegu. Hiyo ndiyo sura ya ukoo. Ukiuona mnara huo, bibi anapiga kofi.

"Ukoo gani, Mjomba?"

Nenda jikoni kwa mama, omba bamia moja. Ikate kwa kisu, si kwa urefu, kwa upana. Unaona nini? Nyota! Vyumba vimepangwa kuzunguka katikati, mara nyingi vitano, kila chumba na mbegu zake. Tunda la rafiki yetu likikauka nalo linapasuka vyumba vitano. Na kama una shamba la bamia karibu, amka mapema ulitazame ua lake. Petali tano, manjano hafifu. Katikati jicho la damu ya mzee. Na mnara umesimama.

Ndiyo, mwanangu. Mmea huu wa Washington ni binamu wa bamia.

Naona macho yamekutoka. Ngoja, ukoo huu ni mkubwa, una aina zaidi ya 4,000. Pamba iliyoshona shati lako imo. Msufi unaojaza mito umo. Mkakao unaotupa chokoleti umo. Hata mbuyu, mzee mwenyewe, yumo, ingawa yeye hufungua maua yake usiku na kungoja popo. Na ile choya, juisi nyekundu wanayouza Unguja na Dar es Salaam? Choya ni karibu zaidi ya binamu. Hiyo ni ndugu wa nyumba moja na rafiki yetu, wote wawili huitwa hibiskasi. Bamia nayo zamani iliandikwa nyumba hiyohiyo, na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Baadaye wataalamu wengine wakaihamishia nyumba yake ya jirani.

Pwani yetu pia kuna mmoja wao anayependa maji yanayojaa na kupwa. Ni mti, huota nyuma ya mikoko. Ua lake huamka la manjano lenye jicho jeusijeusi, mchana likianza kuchoka linageuka rangi ya chungwa, jioni ni jekundu, limeanguka. Ukiwa Pemba au Lamu, mtafute. Ana mnara uleule.

"Mjomba, sasa nimejua ukoo. Niseme jina?"

Bado kidogo. Ukoo mmoja una watoto wengi, na wengine wamefanana mpaka mama yao anakosea. Ndiyo maana bibi hutazama masikio. Sisi tutatazama jani.

Jani lina ncha, limepanuka karibu na kikonyo, ukingo una vimeno vidogo. Juu ni kijani, laini, halina la ajabu. Watu wengi huishia hapo, wanapiga picha ya ua na ya upande wa juu wa jani, wanaondoka. Wewe ligeuze. Polepole, usilivunje. Unaona upande wa chini? Ni mweupe! Pitisha kidole. Kuna vinyweleo vifupi, vingi, vimelala, laini kama sikio la mbuzi mchanga. Upande mmoja kijani, upande wa pili umevaa fulana nyeupe. Likumbuke hilo. Kwa maoni yangu, kama ungepewa nafasi ya kutazama kitu kimoja tu kwenye mmea huu baada ya ua, chagua chini ya jani.

Kwa nini? Kwa sababu kando ya Potomac kuna ndugu yake mwingine, naye ni mrefu, naye ana ua kubwa lenye jicho jekundu, mara nyingi la waridi. Ukisimama mbali huwatofautishi. Lakini jani la huyo lina umbo la mkuki: ncha moja ndefu mbele, na mbili zimetokeza pembeni karibu na kikonyo. Na chini yake? Hakuna fulana. Ni tupu pande zote mbili. Kwa wataalamu anaitwa Hibiscus laevis.

Kuna na wa tatu, na huyo nadhani umemwona leo asubuhi mlangoni kwa jirani. Kwenye nyua nyingi za vitongoji vya Silver Spring na Hyattsville watu wamepanda kichaka chenye maua ya zambarau, meupe au ya waridi, na jicho jekundu. Asili yake ni Asia ya mashariki. Mguse shina: ni ukuni. Rafiki yetu hana ukuni. Kila baridi inapokuja shina lake hufa mpaka chini, na masika mzizi huchipua upya kabisa, tena huchelewa, mimea mingine ikiwa imekwisha kuvaa. Kile kichaka cha jirani hubaki na matawi yake mwaka mzima. Halafu kinasimama kwenye ua mkavu pembeni ya gari. Kwenu wapi? Si topeni. Basi si wewe.

Onyo moja. Usilitegemee jicho jekundu peke yake. Wapo wa aina ya rafiki yetu wenye ua la waridi, na baadhi yao jicho limefifia au halipo kabisa. Mtu asiyejua anasema, "Huyu mwingine." Wewe unageuza jani.

Haya mwanangu, umeuliza kwao, umeuliza ukoo, umetazama masikio. Sasa tuseme jina. Huyu ni Hibiscus moscheutos. Linnaeus ndiye aliyemwandika hivyo, mwaka uleule wa 1753. Sisi kwa Kiswahili tunaweza kumwita hibiskasi wa kinamasini, na atatuelewa. Anaota pia ng'ambo, upande wa Virginia, kwenye kinamasi cha Dyke kusini ya Alexandria, ambako njia ya Haul Road inaingia mpaka majini. Anaota Jug Bay, Maryland, kwenye mto Patuxent. Vyote hivyo ni vinamasi vya maji baridi yanayojaa na kupwa. Tena hasumbuliwi na chumvi kidogo, kwa hiyo ukiteremka kuelekea ghuba utaendelea kumkuta.

Usiondoke. Kuna mtu anakuja, nataka umjue.

Msikie! Vuuu. Ni nyuki, mnene, mweusi, mgongoni ana manyoya ya kijivujivu. Utasema ni wale nyuki wakubwa wa kawaida. Si wao. Mtazame alivyotua: miguu mirefu, mieusi, imejaa manyoya. Anaitwa Ptilothrix bombiformis. Tumwache ajieleze.

"Mimi siishi mzingani na wenzangu elfu," anasema nyuki. "Kila jike kwetu ana nyumba yake. Nyumba yangu iko ardhini. Tena nachagua ardhi ngumu, ile ya pembeni ya njia, iliyokanyagwa ikakazana."

"Unaichimbaje, nawe huna jembe?"

"Ninakwenda mtoni. Ninatua juu ya maji."

"Juu ya maji! Huzami?"

"Miguu yangu inanishikilia juu. Ninakunywa maji, ninarudi, ninayatapika juu ya udongo. Udongo unalainika. Ninachimba kidogo. Nakwenda tena mtoni. Ninachimba kidogo. Nikimaliza, ninawawekea watoto wangu chavua. Na chavua ninayoitaka ni ya hibiskasi. Nyingine waachie wengine."

Umesikia? Anachagua! Chavua ya hibiskasi ni chembe kubwa, zenye miiba midogo, nyuki wengi inawasumbua kuibeba. Huyu manyoya yake ya miguuni yanaishika vizuri. Kwa hiyo ukimwona huyu nyuki anazunguka mahali, tafuta, hibiskasi hayuko mbali. Huyo naye ni alama, ila si alama iliyoandikwa kwenye jani.

Sasa kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote. Ua hili lina siku moja. Linafunguka asubuhi, na kufikia kesho limejikunja limelegea. Mmea hufungua mengine kesho, na kesho kutwa, kuanzia Julai mpaka Septemba, lakini kila ua lina siku yake moja tu. Nyuki anatua, vile vitufe vitano vimesimama juu ya mnara, anavigusa na tumbo lake lililojaa unga kutoka ua la jirani. Chembe zinanata. Si moja, si mbili, ni nyingi, nyingi kuliko mbegu zitakazozaliwa.

"Kwa hiyo zinafanya nini, Mjomba?"

Zinashindana mbio! Kila chembe huotesha mrija mwembamba ajabu, mwembamba kuliko unywele wako. Mrija unateremka ndani ya mnara kutafuta yai la mbegu. Wa kwanza kufika anapata. Waliochelewa wamekosa. Mwaka 1991 wataalamu wawili, Allison Snow na Timothy Spira, waliandika habari za mbio hizi katika jarida la Nature, na mmea waliouchunguza ni huyuhuyu rafiki yetu. Waliona kwamba chavua haikimbii sawasawa. Mimea mingine ina chavua yenye mbio, na ikipambanishwa na chavua ya mwenzake inazaa mbegu nyingi zaidi. Mashindano yote hayo yanapita ndani ya ua lililotulia, nawe umesimama mbele yake unajipiga mbu.

Na baridi ikija? Usiseme sasa hakuna cha kuona. Shina kavu hubaki limesimama, na juu yake matunda makavu ya umbo la yai dogo, yamepasuka vyumba vitano. Chungulia ndani. Mbegu ni za mviringo, za kahawia, kadhaa katika kila chumba, isipokuwa walizotangulia fukusi, maana nao wanazipenda. Zilizosalia zikidondoka, zinaelea. Maji yakijaa yanazibeba, yakipwa yanaziacha mahali pengine penye tope. Tope la 1993 nalo lilipata wageni wake kwa njia hiyo.

Haya, umenivumilia sana. Nikutegee kimoja kabla hatujarudi kituoni. Kitendawili!

"Tega!"

Nimeshuka na Potomac kuelekea ghuba, mahali ambapo maji yanaanza kuwa na chumvi. Nimesimama ukingoni mwa kinamasi. Ua langu ni la waridi, petali tano, na mnara ninao, rangi ya manjano. Jicho jekundu sina. Ua langu ni dogo, kiganja chako kinalifunika bila taabu. Tunda langu si yai, ni bapa, lina pembe tano, na kila chumba kimeficha mbegu moja tu. Mimi nani?

"Hibiskasi wa kinamasini! Yule wa waridi asiye na jicho!"

Hapana, lakini umefikiri vizuri. Tazama tunda tena.

"Kichaka cha jirani?"

Yuko topeni, mwanangu, tena tope la chumvichumvi. Umeshindwa? Basi nipe mji.

"Nakupa Tanga!"

Ahsante. Nimekwenda Tanga, nimekula machungwa ya Muheza, nimepanda basi la usiku, nimerudi. Ni Kosteletzkya pentacarpos, aliyepewa jina la Kosteletzky, mtaalamu wa mimea wa Bohemia. Ni wa ukoo huohuo wa bamia, nyumba nyingine. Lile tunda bapa lenye mbegu moja kila chumba ndilo lililomtaja, sikuhitaji kusema zaidi.

Ukoo ulikuwa umekwisha kuupata, au siyo? Mnara uliuona. Basi ulifika nusu ya njia, na nusu si haba. Sasa zamu yako, nitegee.